Kuoka Skonzi Nyumbani kwa Ajili ya Kuchangia Wenye Shida: Mwongozo kwa Anayeanza, Dar es Salaam

Karibu kila wiki naulizwa maswali yale yale. "Dada, nina oveni ndogo ya mezani, inatosha?" "Nianze na kilo ngapi?" "Bila oveni inawezekana?" "Pesa ikipatikana nimkabidhi nani?" Lipo na jingine ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini: "Hawatasema natapeli?" Nimeona niyajibu yote mahali pamoja.

Mimi nilianza baada ya maji ya bonde la Msimbazi kuingia kwenye nyumba za watu ninaowafahamu Kigogo. Nilioka mikate kumi na miwili, nikatangaza kwamba faida yote itakwenda kwa waliopoteza vitu vyao. Mikate iliisha asubuhi ile ile. Jioni nilipokaa na kalamu, faida sikuiona. Nilikuwa nimeuza kwa bei ya dukani, na unga, hamira na umeme vilikuwa vimeimaliza pesa yote. Nilikuwa nimeahidi, kwa hiyo nilitoa mfukoni mwangu. Ndiyo maana humu hesabu inakuja kabla ya unga.

Kumbuka jambo moja unaposoma hatua zote. Mara ya kwanza mtu atanunua kwako kwa huruma. Mara ya pili atanunua kwa sababu skonzi zako ni nzuri na kwa sababu ulimwambia shilingi yake ilikwenda wapi. Kimoja kati ya hivyo viwili kikikosekana, kazi haifiki mwezi wa pili.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Vifaa: oveni ya aina yoyote, au jiko la mkaa na sufuria zito lenye mfuniko bapa. Mizani ya jikoni inayoonyesha gramu. Beseni mbili, trei mbili, taulo safi, kitambaa cha kufunika nywele, waya wa kupozea, daftari na kalamu.

Usiruke mizani. Kikombe cha nyumbani kwako si kikombe cha kwangu, na unga ulioshindiliwa unazidi sana ule uliochotwa kwa wepesi. Ukipima kwa vikombe, kila Jumamosi utatoa skonzi tofauti, na mteja wa oda atalalamika akiwa na haki.

Viungo vya kilo moja ya unga, vinavyotoa skonzi 30:

- unga wa ngano kilo 1
- maji mililita 580
- sukari gramu 80
- mafuta ya kupikia gramu 60
- chumvi gramu 15
- hamira ya chengachenga inayochanganywa moja kwa moja, gramu 10
- maziwa kidogo ya kupaka juu

Soma pakiti ya unga kabla ya kununua. Tafuta ulioandikwa kuwa ni wa mikate, au wenye protini gramu 11 na zaidi kwa kila gramu 100. Unga laini wa keki hautavutika, na skonzi zitabaki bapa.

Tafuta pia mtu wa pili. Si lazima ajue kuoka. Kazi yake ni kushika daftari la pesa wakati wewe mikono imejaa unga, na kuwa shahidi wako.

Kuhusu ruhusa, ukianza kuuza kila wiki kwa watu usiowajua, wewe ni muuza chakula, hata kama senti zote unazitoa sadaka. Nenda kwa afisa afya wa kata yako uulize kuhusu kupimwa afya kwa wanaoshughulika na chakula. Leseni ya biashara uiulizie halmashauri. Masuala ya usalama wa chakula yako Shirika la Viwango (TBS) tangu mwaka 2019, yalipohamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). SIDO, shirika la viwanda vidogo, nao hufundisha wasindikaji wadogo, na ni mahali pazuri pa kuuliza kabla hujakua. Nenda mapema, kwa hiari yako. Afisa uliyemfuata mwenyewe hukuelekeza kwa utulivu kuliko yule aliyekukuta.

Hatua ya 1: Chagua unayemchangia, kisha umuulize anahitaji nini

Wengi hukosea hapa kabla hawajafungua hata pakiti ya hamira. Mtu anasema "nachangia wenye shida." Wenye shida gani? Mnunuzi hawezi kuuliza habari za "wenye shida" wiki ijayo, lakini anaweza kuuliza habari za mama wa watoto watatu aliyepoteza cherehani yake kwenye maji.

Chagua mmoja tu kwa miezi mitatu ya kwanza. Anaweza kuwa familia iliyopata mafuriko mtaani kwenu, na hapo pitia ofisi ya serikali ya mtaa, maana wao wanajua nani kaathirika na nani ameshasaidiwa. Anaweza kuwa mgonjwa aliyetoka mkoani kufuata matibabu Muhimbili au Ocean Road. Matibabu ya saratani kwa mionzi mara nyingi huchukua wiki kadhaa, na mtu aliyekuja na nauli ya kuja tu anakwama. Hospitali kubwa zina ofisi ya ustawi wa jamii, na hao ndio wa kuwauliza, si walinzi wa getini. Kwa maafa makubwa ya mbali kuna Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania.

Hapo pia amua kama utatoa mkate wenyewe au pesa ya mkate. Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mkate wenyewe unafaa siku mbili tatu za mwanzo za maafa ya karibu. Familia imehamia darasani kwenye shule ya mtaa, jiko limelowa, mkaa umelowa, sufuria zimekwenda na maji. Mchele hauna msaada kwa mtu asiye na moto. Skonzi na chai ya chupa vinaliwa pale pale. Baada ya siku hizo watu wanarudi kupika, na mkate unakuwa si haja yao tena. Wanataka godoro, neti, sare za shule, kodi ya chumba.

Kwa maafa ya mbali, usifikirie kutuma mkate. Desemba 3, 2023 yaliposhuka maporomoko ya matope Hanang, mkoani Manyara, na kuifunika sehemu ya mji wa Katesh, hapa Dar kuna wema wa kweli uliotaka kupakia mikate kwenye basi. Mkate wa nyumbani kwenye joto letu una siku tatu, nne ukibahatika. Uza hapa, tuma pesa.

Onyo: usichangishe kwa jina la hospitali, chama au kituo bila barua yao au ridhaa yao iliyoandikwa. Nia yako njema haitakulinda wakiulizwa wakasema hawakujui.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya pakiti moja

Bei zinabadilika na zinatofautiana kati ya Kariakoo na duka la mtaani, kwa hiyo namba hizi ni za mfano. Fuata mpangilio wake, weka bei zako.

Kwa kilo moja ya unga: unga ulionunuliwa kwa kiroba shilingi 1,900. Sukari 240. Mafuta 400. Hamira ya pakiti kubwa 200. Chumvi 20. Maziwa ya kupaka 140. Umeme au mkaa 700. Mifuko na lebo 600. Jumla ni 4,200.

Skonzi 30 ni pakiti 5 za skonzi sita sita. Gawa 4,200 kwa 5, kila pakiti imekugharimu 840. Ukiuza 2,000, inabaki 1,160.

Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa mkate wa nusu kilo. Unga ule ule unatoa mikate mitatu, na gharama inakuwa karibu 1,320 kwa mkate. Uuze 2,000, inabaki 680. Kwa kilo moja ya unga, skonzi zimekubakizia 5,800 na mikate 2,040. Kiwanda kinanunua ngano kwa tani na kinaoka usiku kucha, hivyo huwezi kushindana nacho kwa bei ya mkate wa slesi, na hupaswi kujaribu. Skonzi laini iliyotoka motoni asubuhi hiyo, ikafika mezani kwa mtu kabla chai haijapoa, kiwanda hakiwezi kuifikisha. Hapo ndipo mahali pako.

Halafu tangaza kiasi kamili. Usiseme "faida yote." Sema: "Kila pakiti ya 2,000, shilingi 900 inakwenda kwa fulani." Hizo 260 zilizobaki ni za nauli ya bodaboda, makato ya kutuma pesa, na pakiti itakayoungua. Kiasi kilichotajwa kinaweza kukaguliwa na mtu yeyote anayejua kuzidisha: pakiti 10 ni 9,000. Neno "faida" halikaguliki, na penye lisilokaguliwa maneno huzaliwa.

Elfu tisa ni ndogo, najua. Ukifika kilo nne kila Jumamosi ni 18,000, kwa mwezi wa Jumamosi nne ni 72,000. Sema namba hizo kama zilivyo. Mama anayeambiwa "tutakusaidia sana" kisha akaletewa 9,000 ameumizwa, wakati anayeambiwa "kila mwezi tutakuletea kama elfu thelathini, tuanze na nini?" anaweza kupanga.

Hatua ya 3: Pokea oda na pesa kabla ya kuoka

Tangaza Jumanne, funga oda Alhamisi jioni, nunua vitu Ijumaa, oka Jumamosi alfajiri. Chukua malipo mapema kwa simu. Laini ya kupokelea iwe ya kazi hii tu, isichanganyike na pesa ya gesi na vikoba. Oka kiasi cha oda na pakiti mbili za ziada, basi.

Wateja wa mwanzo wako karibu kuliko unavyodhani: jirani wa ukuta mmoja, saluni unakosukia, ofisini kwa shemeji yako, watu wa jumuiya au wa darasa la msikitini. Ramadhani badilisha saa, maana watu wanataka kitu laini cha kufturu jioni, si asubuhi.

Kwa mara ya kwanza kabisa usizidi kilo mbili za unga. Tafadhali. Wanaoanza na kilo tano ndio wanaoniandikia saa nne asubuhi wakiwa na beseni linalofurika na oveni inayoingiza trei moja.

Hatua ya 4: Pima na uchanganye

Kata kucha, funika nywele, vua pete, osha mikono kwa sabuni. Mwenye tumbo la kuharisha au kidonda kibichi mkononi siku hiyo hagusi unga, hata kama oda ni hamsini. Hiki ni chakula, na mji wetu unaijua kipindupindu.

Anza saa kumi alfajiri, hewa ikiwa bado na ubaridi. Changanya unga, sukari, hamira na chumvi mpaka visambae. Tia maji kidogo kidogo, mwisho mafuta.

Maelezo mengi ya kuoka husema "tumia maji ya uvuguvugu." Maelezo hayo ni ya nchi za baridi. Dar es Salaam mwezi wa pili unga wenyewe una joto la nyuzi 30 ukiwa kwenye beseni. Ukiongeza maji ya moto, hamira inakimbia kabla unga haujakomaa, na skonzi zinatoka na harufu ya pombe na matundu makubwa. Tumia maji ya friji uliyoyachanganya na ya bomba kidogo, yawe baridi mkononi. Unga uliokwisha kandwa ukiwa na nyuzi 26 au 27 uko sawa. Maji ya moto kweli, kuanzia nyuzi 55 hivi, yanaiua hamira kabisa.

Kama unaoka kilo mbili, usizikande pamoja. Kanda kilo ya kwanza, subiri dakika 40, kanda ya pili. Oveni ndogo itachukua dakika 40 kumaliza trei mbili za kilo ya kwanza, na wakati huo ya pili itakuwa inafika. Ukizikanda kwa pamoja, ya pili itaumuka kupita kiasi ikiwa kwenye foleni.

Hatua ya 5: Kanda

Kwa mkono ni dakika 12 hadi 15 za kazi ya kweli. Sukuma kwa kiganja, kunja, zungusha, rudia. Dakika za mwanzo unga utakunata na utatamani kuongeza ngano. Usiongeze. Paka mikono mafuta uendelee. Kila konzi ya ngano unayoongeza hapo inafanya skonzi kavu kesho yake.

Umetosha pale unapokata kipande kidogo, ukakivuta taratibu kwa vidole, kikawa chembamba kiasi cha kupitisha mwanga wa taa bila kuchanika.

Hatua ya 6: Acha uumuke

Weka kwenye beseni lililopakwa mafuta, funika kwa taulo yenye unyevu. Kwa joto letu dakika 45 hadi 60 zinatosha kuongezeka mara mbili. Angalia unga, usiangalie saa tu. Mwezi wa saba na wa nane huchelewa kidogo, na Januari utashangaa.

Hatua ya 7: Gawa na uviringishe

Toa hewa kwa kubonyeza. Pima vidonge vya gramu 57, kimoja kimoja, kwenye mizani. Viringisha kila kimoja ukikibana chini kwa ukingo wa kiganja mpaka juu kuwe kumevutika na kulainika, kisha panga kwenye trei ukiacha nafasi ya kidole kati yao. Trei ya kawaida hubeba 15. Funika tena, dakika 30 hadi 40.

Bonyeza kwa ncha ya kidole. Shimo likirudi haraka, bado. Likirudi polepole na kubaki alama, ingiza motoni. Lisiporudi kabisa, umechelewa, ingiza upesi bila kutikisa trei.

Hatua ya 8: Oka

Kwa oveni, washa dakika 20 kabla, nyuzi 190. Paka maziwa juu. Dakika 15 hadi 18, trei katikati. Geuza trei dakika ya 10 kama upande mmoja unawahi. Usifungue mlango dakika nane za kwanza.

Kwa mkaa, weka mchanga safi mkavu unene wa vidole viwili ndani ya sufuria zito, funika, pasha dakika 15. Weka vijiwe vitatu bapa juu ya mchanga, kisha bati lenye skonzi, funika kwa mfuniko bapa na upalie makaa juu yake. Theluthi mbili ya makaa yawe juu, theluthi moja chini. Wengi hufanya kinyume, kisha wanalalamika kwamba chini kumeungua na juu kumebaki peupe. Chungulia dakika ya 15. Sufuria moja hubeba skonzi nane au tisa, hivyo kwa mkaa anza na nusu kilo ya unga tu.

Onyo: usipalie mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha. Hewa ya mkaa inaua bila kunuka. Oka barazani au uani.

Zimeiva zikiwa na rangi ya kahawia ya asali na ukigonga chini zinatoa mlio mtupu. Mwenye kipimajoto cha chakula atasoma karibu nyuzi 95 katikati.

Hatua ya 9: Poza kabisa, kisha fungasha

Toa kwenye trei mara moja, weka kwenye waya. Saa nzima. Skonzi ya vuguvugu ikifungwa kwenye mfuko inatoa jasho, na kwa unyevu wa mji huu ukungu utaota keshokutwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo kubebea tumia karatasi au kikapu. Cha kufungia chakula nunua kwa muuzaji wa vifungashio anayekuuzia vilivyothibitishwa.

Lebo iwe na vitu vinne: tarehe ya kuoka, viungo vyote, namba ya simu ya kazi, na maneno "900 ya pakiti hii inakwenda kwa…". Ukitia ufuta, maziwa, yai au karanga, andika. Kuna watoto ambao karanga inawapeleka hospitali.

Hatua ya 10: Peleka pesa, rudisha habari

Jumamosi hiyo hiyo jioni, wewe na mwenzako mhesabu pamoja. Pakiti zilizouzwa mara 900, andikeni, tieni saini wote wawili. Makato ya kutuma yatoke kwenye zile 260, ili 900 ifike 900.

Wakati wa kukabidhi, ikiwezekana nunua kitu kilichoombwa na uchukue risiti, au tuma kwa simu ubaki na ujumbe wa muamala. Kisha waandikie wanunuzi wote, mistari miwili: pakiti ngapi, shilingi ngapi, zimefanya nini. Ficha namba na majina kwenye picha ya risiti.

Picha za watu usipige. Najua watakuambia picha inauza. Mama aliyepoteza kila kitu kwenye maji hajaweka sura yake rehani kwa pakiti ya skonzi, na watoto wake wataishi mtaa ule ule miaka kumi ijayo. Piga picha ya godoro. Piga picha ya madaftari ya shule.

Ukikwama

*Skonzi nzito kama jiwe.* Kwanza ijaribu hamira: kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu na sukari kidogo. Baada ya dakika 10 isipotoa povu, imekufa. Pakiti ikishafunguliwa itunze kwenye chupa iliyofungwa vizuri ndani ya friji. Kama hamira ni nzima, basi hukukanda vya kutosha au uliongeza ngano.

*Zimeporomoka baada ya kutoka.* Zilikaa sana kwenye trei kabla ya moto. Wiki ijayo punguza dakika 10.

*Zimepasuka ubavuni.* Hazikukaa vya kutosha, au juu kulikauka kwa kukosa kufunikwa.

*Harufu ya pombe.* Joto. Maji baridi zaidi, hamira gramu 7 badala ya 10.

*Ndani kuna utelezi, ukiimega inavuta nyuzi, inanuka kama tunda lililooza.* Huu si ukungu, ni bakteria waliomo kwenye unga, ambao hustahimili joto la kuoka na hupenda hali ya joto na unyevu kama yetu. Tupa zote, usimpe hata kuku. Osha meza, beseni na trei kwa sabuni kisha siki. Wiki zinazofuata tia kijiko kimoja cha chakula cha siki kwa kila kilo ya unga, na poza haraka.

*Umeme umekatika unga ukiwa umeumuka.* Kama una friji iliyojaa baridi, bonyeza unga, ingiza humo, utasubiri saa mbili bila shida. Kama huna, washa mkaa ufuate njia ya sufuria. Njia ya mwisho, sukuma unga, kata, kaanga kama maandazi, na uwaambie wateja ukweli kabla hawajafungua mfuko. Wengi hupokea. Asiyetaka, mrudishie pesa yake siku hiyo hiyo.

*Pakiti zimebaki.* Usizirudie kuziuza kesho kama za leo. Shusha bei ukisema ni za jana, au wape wanaozihitaji. Ukitaka kupeleka wodini, uliza kwanza, maana wapo wagonjwa waliokatazwa sukari au chumvi, na kila hospitali ina utaratibu wake.

*Kuna anayesema unakula pesa.* Mwonyeshe daftari, lote, mbele ya mwenzako. Usijibishane kwa maneno kabla ya kulifungua.

*Uliyekuwa ukimchangia amehama au hahitaji tena.* Hili hutokea, hasa kwa watu wa mabondeni ambao hulazimika kuhama. Usihamishe pesa kimya kimya kwenda kwa mwingine. Simamisha mauzo wiki moja, waambie walionunua kiasi kilichobaki mkononi, wataje wanayempendekeza, na mkikubaliana mwandikie kila mtu jina la atakayechangiwa sasa kabla ya kupokea oda nyingine. Lebo za zamani zichome, zisije zikabandikwa kwa bahati mbaya.